Umejuaje? Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapomfundisha Mtoto Habari za Kweli

Mtoto wa pwani yetu, kuanzia Jasini na Moa hadi Pangani, huingia Darasa la Kwanza akijua mambo mengi ya kweli. Anajua bamvua na maji mafu. Anajua kusi ikivuma baba hatoki mbali, na anajua samaki wa kushika kwa mkono na wa kutoshika. Akifika Darasa la Nne anasoma hadithi ya Sungura na Fisi bila kukwama, lakini mpe ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini maji hupwa, utamwona anatamka maneno yote na mwisho hana la kukuambia. Mwambie aandike jambo moja la kweli analolijua. Ataandika: "Bahari ni muhimu sana kwa maisha yetu." Kisha ataweka nukta na kukaa.

Mtaala wa KKK ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa Darasa la Kwanza na la Pili ulikusudia mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishajua kusoma, asome nini? Hadithi ni haki yake na asinyang'anywe. Ana haki ya pili: kusoma maandishi yanayoeleza dunia ilivyo, na kuyaandika yeye mwenyewe. Haya ninayoyataka hapa chini nayataka kwa kila mwalimu wa Darasa la Tatu hadi la Saba katika Tanga Jiji, Mkinga, Muheza na Pangani, na sioni sababu ya kuyalegeza kwa kisingizio cha darasa kubwa au vitabu vichache.

Usianze na ufafanuzi. "Bahari ni eneo kubwa lenye maji ya chumvi." Mtoto wa Kigombe hana haja ya kuambiwa hivyo, na ukimwandikia ubaoni umemfundisha jambo moja tu, kwamba maandishi ya kweli ni yale anayoyajua tayari yakisemwa kwa maneno makavu. Futa.

Anza na jambo linaloweza kuangaliwa na kuandikwa. Chukua maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji katika pwani ya Tanga hujaa karibu na saa kumi alasiri, na asubuhi mnamo saa nne yamekupwa mpaka akina mama wanashuka kwenye mwani na wengine wanachokora pweza. Wapangie zamu watoto wanaokaa karibu na ufuo, kila mmoja na mkubwa wake, kwa siku nne mfululizo. Kazi yao ni kuandika saa na dakika ambayo maji yaliacha kupanda kwenye nguzo au jiwe mlilokubaliana. Siku ya tano ziandikeni ubaoni saa zote nne, moja chini ya nyingine, na waacheni wazitazame. Hakuna haja ya kusema lolote. Atatokea wa kusema, "Mwalimu, kila siku yanachelewa."

Hapo ndipo wagawie ukurasa unaoeleza habari ya mwezi kuyavuta maji. Watausoma wakiwa na swali, na ukurasa unaosomwa na mtu mwenye swali hueleweka hata kwa aliyekuwa akikwama.

Kitabu kitasema maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mtoto atakuletea dakika 38, au 42. Usimfutie. Hamsini ni wastani wa mwezi mzima. Siku za bamvua muda huo hupungua, na siku za maji mafu huzidi, mara nyingine ukapita saa nzima. Mtoto aliyepima siku za bamvua amepata alichopaswa kupata, na mwalimu anayemlazimisha aandike 50 amemfundisha kusema uongo ili apate vema. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu huo ndio mwanzo wa mtu mzima anayejaza fomu kwa takwimu za kutunga.

Uliza "Umejuaje?" kwa kila sentensi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyomo humu. Asiruhusiwe mtoto kuandika habari bila kujua imetoka wapi. Mwambie achore mstari pembeni mwa daftari, na katika pambizo hiyo aandike neno moja kila baada ya sentensi: niliona, nilipima, niliambiwa, nilisoma. Akiandika "niliambiwa", aongeze na nani. Akiandika "nilisoma", aongeze wapi. Kama hana la kuandika pambizoni, sentensi ile inangoja. "Nadhani" inakubalika pia, mradi imeandikwa wazi kuwa ni kudhani.

Watoto wa Darasa la Tatu wanaliweza. Wiki ya kwanza watalalamika, wiki ya pili watakamatana wao kwa wao: "Wee, umejuaje?" Waache wakamatane.

Usidharau masimulizi, wala usiyachanganye na vipimo. Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, na mtoto yeyote wa Tanga atakuambia kuwa mle ndani kuna njia inayotokea Mombasa, au hata Kilimanjaro. Ameambiwa na babu yake. Watafiti wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mwaka 1994 walikuta mapango kumi yaliyojitenga, na refu kuliko yote lina kama mita 900. Sasa mwalimu atafanya nini na babu?

Asimwambie mtoto kwamba babu ni mwongo. Achore ubaoni safu mbili. Ya kwanza iandikwe "Watu husema", ya pili "Imepimwa". Njia ya Mombasa inaingia safu ya kwanza, na hapo ni habari ya kweli kabisa, kwa sababu ni kweli kwamba watu husema. Mita 900 zinaingia safu ya pili. Mahali pa mzimu mle pangoni, ambapo watu huenda kuomba na kuacha sadaka, mtoto aliyefika aandike alichokiona kwa macho yake na asitie hukumu. Mtoto anayejua kuzitenga safu hizo mbili hatapata taabu baadaye na ujumbe unaosambazwa kwenye simu.

Kwa Darasa la Sita na la Saba, ongeza Vita vya Tanga vya Novemba 1914. Waingereza walishuka na askari kutoka India, wakashindwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Nyuki waliotibuliwa na risasi waliwauma watu wa pande zote mbili. Baadaye ikasemwa kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale makusudi. Waulize watoto: nani angependa kulisema hilo, na kwa nini? Kipindi kizima kitaisha kwa swali hilo moja, na kiishe.

Usikubali maneno yasiyobeba kitu. "Sana", "muhimu", "wa ajabu", "mazuri", "mengi". Yapige marufuku kwa muhula mmoja, utaona yanayojitokeza mahali pake.

Mfano ni silikanti. Mtoto ataandika: "Silikanti ni samaki wa ajabu sana anayepatikana Tanga." Mrudishie daftari na maswali matatu tu. Ana ukubwa gani? Alipatikanaje? Kwa nini watu walishangaa? Mpe mahali pa kusoma majibu, na hata kama ni karatasi uliyoiandika wewe kwa mkono, yawemo haya: wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipopatikana mmoja East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya mji ule, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Huweza kufika karibu mita 2. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Huishi kina kirefu, mara nyingi zaidi ya mita 100, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga, wakiwemo wa Kigombe na Mwarongo, walianza kumkuta katika majarife ya papa yaliyotegwa chini sana. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Mtoto akishasoma hayo na kuandika upya, atakuletea kitu kama hiki: "Wavuvi walitega jarife la papa chini sana. Walipolivuta walimkuta samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani." Hamna "ajabu" hata moja, na msomaji anashangaa.

Angalizo hapa. Katika vijiji vya hifadhi, baadhi ya wazazi wanaiona hifadhi kuwa imewabana riziki. Mtoto akiandika hivyo, na pambizoni ameweka "niliambiwa na baba", sentensi ile ni halali na isikatwe ili kumfurahisha mgeni yeyote.

Usiwanakilishe ubaoni. Nimeshaona madarasa ambamo "kuandika habari" maana yake ni watoto sabini kunakili aya moja kwa dakika arubaini huku mwalimu akisahihisha madaftari ya jana. Mwandiko unanyooka, akili imelala. Kunakili ni mazoezi ya mkono. Kwa Darasa la Kwanza kuna faida, kwa Darasa la Nne ni kupoteza mtoto.

Fanya hivi badala yake. Soma, funga, simulia, andika, fungua. Wasome aya mara mbili. Wafunge kitabu. Kila mmoja amsimulie jirani yake, na jirani ana haki ya kuuliza. Kisha waandike, kitabu kikiwa bado kimefungwa. Mwisho wafungue na kuhakiki mambo matatu tu: majina, tarehe na namba. Hayo matatu hayana ruhusa ya kukosewa hata kidogo. Maneno mengine yote yawe ya mtoto mwenyewe. Kwa darasa la watoto sabini wenye vitabu kumi na vinne njia hii inawezekana kabisa, maana kitabu kinahitajika mwanzo na mwisho tu.

Wafundishe kuhoji wakubwa kwa adabu. Hakuna maktaba kubwa kwa shule ya kijijini kuliko wazee wake, na hakuna chanzo kinachoharibiwa haraka kama mzee anayehojiwa hovyo na kundi la watoto. Wasiende zaidi ya wawili. Waende saa ambayo mzee amepumzika, si wakati wa kula wala wa swala. Waamkie kwanza, wakae, waombe ruhusa: "Shikamoo babu. Mwalimu ametutuma tujifunze habari za kazi ya mkonge. Tunaomba kukuuliza, kama una nafasi." Babu akisema leo hapana, warudi nyumbani.

Swali moja kwa wakati mmoja, na liwe swali la jambo dogo linaloshikika. "Babu, maisha ya zamani yalikuwaje?" ni swali la kumchosha mtu. "Babu, mlikuwa mkiamka saa ngapi kwenda kukata?" litazaa la pili na la tatu. Mmoja anauliza, mwingine anaandika. Jibu lisiloeleweka liulizwe tena, lisikisiwe.

Mkonge ndio somo linalofaa kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu mwanzo wake uko vitabuni na mwendelezo wake uko vifuani mwa watu. Kitabu kitasema mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Na kwamba kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa mkonge. Watoto huipenda sana namba hiyo ya 62 na wanaikumbuka. Vizuri. Lakini usiishie hapo. Usifundishe habari ya mkonge bila manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba yale. Ile miche haikujikata wala kujibeba hadi korona, kiwanda cha kusindikia mkonge. Walioikata waliletwa kutoka Kigoma, Nyanda za Juu Kusini, Msumbiji na Burundi, wajukuu wao wamo darasani mwako, na mtoto anayeandika kuhusu Hindorf peke yake ameandika nusu ya habari. Mwulize: "Nani hayumo katika maandishi haya?" Swali hilo liandikwe kwenye karatasi ngumu na kubandikwa ukutani, chini ya "Umejuaje?"

Na jambo moja lisilosameheka: mtoto asisome mbele ya darasa maneno ya mzee kabla hajarudi kumsomea mwenyewe. Mzee ana haki ya kusema "hapo sivyo", na ana haki ya kusema "hilo liache". Likiachwa, limeachwa.

Usikae ukingojea vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukihimiza vitabu vya Kiswahili vya watoto tangu 1991, na bado rafu nyingi za shule zina hadithi tele na vitabu vya maarifa vya kuhesabika kwa vidole. Tengenezeni vyenu. Migongo ya kalenda za mwaka jana, uzi wa mkonge wa kushonea, kalamu ya wino. Kila kitabu kiwe na jalada, majina ya waandishi, mwaka, yaliyomo, kurasa zenye namba, na angalau mchoro mmoja wenye maelezo chini yake. "Jinsi ya Kufunga Mwani Kwenye Kamba." "Miti ya Mikoko ya Kijijini Kwetu." "Makaburi ya Tongoni." Msimu ujao darasa la chini yao litavisoma.

Atakayeona hili ni jambo la kigeni ajue historia ya mahali alipo. Katika miaka ya 1890 gazeti la Kiswahili la Habari za Mwezi lilikuwa likitoka misheni ya Magila, Muheza. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilitolewa katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, na likaendelea hadi 1916. Lilikuwa gazeti la watawala na lilisema yaliyowafaa watawala. Wakubwa wa Darasa la Saba waambiwe hivyo waziwazi. Lakini kazi ya kuandika na kuchapa habari ndani ya shule ya Tanga ina zaidi ya miaka mia moja.

Na Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Machui, tarehe 1 Januari 1909, asifundishwe kama mtunzi wa mashairi na Kusadikika peke yake. Aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mtu wa kweli. Aliandika Maisha Yangu, habari zake mwenyewe. Aliandika Kielezo cha Insha. Mtoto wa Tanga anayetaka kuandika habari za kweli ana jirani wa kumfuata.

Katika kusahihisha, ukweli kwanza. Mara ya kwanza soma kama ni kweli. Mara ya pili soma kama inaeleweka. Tahajia na nukta ni mara ya tatu. Mwalimu anayeanza na wino mwekundu kwenye kila "h" iliyosahaulika atapata mtoto anayeandika sentensi tatu fupi salama mpaka amalize shule. Na usimpe vema mtoto aliyeandika uongo kwa mwandiko mzuri. Kamwe.

Mengine kwa ufupi, kwa kuwa hayahitaji maelezo marefu.

Usimcheke mtoto anayetumia jina la samaki au la mti kwa Kidigo, Kibondei au Kisambaa. Aliandike, na la Kiswahili kando yake.

Usimchape mtoto kwa kushindwa kusoma.

Usiruke picha, ramani, jedwali na maelezo yaliyo chini ya picha. Yasomwe kabla ya aya.

Leta darasani maandishi yanayofanya kazi mitaani: maelezo ya pakiti ya dawa, tangazo la zahanati, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, aliyejua kusoma taarifa yenye tarehe, saa na jina la mamlaka alijua la kufanya. Lakini usiwatake watoto walete kadi za kliniki za wadogo zao. Zile ni siri za mama zao. Omba kadi tupu zahanati.

Usijibu usilolijua. Sema "Sijui, tutatafuta," na kesho uje na jibu.

Usingoje mwezi wa upimaji wa Darasa la Nne ndipo uwape aya za ufahamu. Mtoto aliyezoea kuuliza "umejuaje" kwa mwaka mzima hatashindwa na maswali matano chini ya aya.

Vitabu vilivyotengenezwa na darasa vitoke nje ya kabati. Usivifungie ofisini kumngoja mthibiti ubora. Siku ya mkutano wa wazazi vipangwe juu ya madawati, watoto wavisome kwa sauti, na wale wazee waliohojiwa waalikwe wakae mbele. Akitokea mmoja akasema, "Mjukuu wangu, hapo umekosea, korona ile haikuwa upande huo," mtoto achukue kalamu asahihishe palepale, aandike pambizoni nani amemsahihisha, na tarehe.